Usalama kazini: nani alipe kabla ajali haijatokea?

Kila mwajiri aliyeandikishwa Congo analipa asilimia 1,5 ya mishahara kwa ajili ya ajali za kazini. Pesa hiyo inaanza kutumika wakati mtu amekwisha kuumia. Katika nchi zingine, sehemu ya pesa ya namna hiyo inarudi kwa mwajiri mapema, ili anunue vifaa vya kuzuia ajali. Je, mpango kama huo unawezekana kwetu, na zaidi mashariki mwa nchi? Uchambuzi.

Pita asubuhi kwenye karakana za vyuma za Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia. Kijana anachomelea mlango wa chuma. Machoni ana miwani ya jua iliyonunuliwa sokoni, miguuni ana sandale. Mbele kidogo, kwenye mashine ya kupasua mbao, msumeno unazunguka bila kifuniko, na mwenye kusukuma mbao anaisukuma kwa vidole vyake mwenyewe. Kwenye shantie ya nyumba ya ghorofa, mbeba saruji anapanda ngazi ya miti iliyofungwa kwa kamba na misumari. Hakuna anayeshangaa. Tumezoea.

Siku vidole vinapokatika ndipo hesabu inaanza. Nani alipe hospitali? Nani alishe watoto kwa miezi ambayo baba hawezi kushika nyundo? Mara nyingi jibu ni jamaa. Mama anauza mbuzi, wandugu wanachanga, na patro anatoa kitu kidogo cha dawa, kisha anatafuta kijana mwingine wa kusimama kwenye mashine ile ile.

Shirika la Kazi Ulimwenguni, OIT, linakadiria kwamba karibu watu milioni 3 wanakufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya ajali na magonjwa yanayotokana na kazi. Wengine milioni 395 wanaumia bila kufa. Mwaka 2022, shirika hilo liliweka usalama na afya kazini kati ya haki za msingi za mfanyakazi, sawa na haki ya kuunda sendika na marufuku ya kazi ya watoto. Haki hiyo inazihusu nchi zote wanachama, na Congo ni mmoja wao.

Haki imeandikwa. Lakini kifuniko cha msumeno kinanunuliwa kwa pesa.

Sheria inasema nini leo

Sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa watu wake. Inazungumzia pia kamati ya usalama na usafi ndani ya kampuni, ambamo wafanyakazi wana sauti. Kufuatana na sheria hiyo, ajali ikitokea, mwajiri anapaswa kuitangaza kwa mkaguzi wa kazi.

Upande wa pesa, sheria namba 16/009 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 ndiyo inayoongoza mfuko wa usalama wa jamii, CNSS, ambao wazee wetu waliujua kwa jina la INSS tangu mwaka 1961. Michango yote kwa CNSS ni asilimia 18 ya mshahara. Mfanyakazi anakatwa 5, mwajiri anaongeza 13. Katika hizo 13 za mwajiri, asilimia 5 ni za pensheni, 6,5 ni za posho ya familia, na 1,5 ni za hatari za kazi, yaani ajali na magonjwa yanayoletwa na kazi.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua karakana yenye wafanyakazi 12, kila mmoja akilipwa dola 200 kwa mwezi. Asilimia 1,5 ya mishahara yao ni dola 36 kwa mwezi, sawa na dola 432 kwa mwaka. Kama karakana hiyo imelipa kwa miaka 10 bila ajali hata moja, imeingiza zaidi ya dola 4.000. Hakuna cha ajabu hapo, kwa sababu bima ndivyo inavyofanya kazi: asiyeumia anamlipia aliyeumia.

Lakini kuna mambo mawili ambayo wenye karakana wana haki ya kuyauliza. La kwanza, kiwango ni kimoja kwa wote. Benki, ambamo hatari kubwa ni mtu kuteleza kwenye ngazi, inalipa asilimia 1,5. Kiwanda cha kupasua mbao kinalipa asilimia 1,5. La pili, mwenye karakana aliyefunika misumeno yake yote analipa sawa na jirani ambaye hajafunika hata mmoja. Yaani katika mpango wa leo, mwajiri anayejali hapati faida yoyote ya pesa kwa kujali kwake. Anabaki na dhamiri yake tu, na dhamiri hailipi deni la dukani.

Wengine wanafanya namna gani

Wazo la serikali ao mfuko wa bima kumpa mwajiri ruzuku ya usalama, yaani pesa isiyorudishwa kama mkopo, ile ambayo wengi kwetu wanaiita subvention, si jipya.

Nchini Italia, mfuko wa bima ya ajali za kazini, INAIL, umekuwa ukitoa ruzuku hizo tangu mwaka 2010. Kampuni inayotaka kubadilisha mashine ya zamani, kuondoa paa la amianti ao kupunguza kelele na vumbi inaandika mradi wake. Kwa kawaida mfuko unalipa asilimia 65 ya gharama, bila kupita euro 130.000. Katika awamu ya mwaka 2024, pesa iliyotengwa ilifika euro milioni 600. Pesa hiyo haitoki mbinguni. Kwa sehemu kubwa inatoka katika michango ya waajiri wenyewe, ileile inayolipa wenye kuumia.

Katika jimbo la Ohio, nchini Marekani, waajiri wengi wanapata bima yao ya ajali kwenye mfuko wa serikali ya jimbo. Mfuko huo una mpango ulio rahisi kueleza: mwajiri akiweka dola moja, mfuko unaweka tatu, mpaka dola 40.000. Sharti ni kwamba akisha kununua kifaa anarudi kueleza matokeo: ajali zilikuwa ngapi mbele, zimekuwa ngapi nyuma. Kwa sababu ya sharti hilo, watafiti walipata namba za kuchunguza. Waliwaangalia waajiri zaidi ya 400 waliopata ruzuku hiyo, na wakaona kwamba kati ya wafanyakazi waliofikiwa na vifaa vipya, madai ya kuumia yalipungua kwa zaidi ya nusu.

Ufaransa ilichukua njia hiyo kwa sababu nyingine. Mwaka 2023, serikali ilipopandisha umri wa kwenda pensheni hadi miaka 64, watu waliuliza mwashi ao mbeba mizigo atafikaje umri huo mgongo ukiwa umevunjika. Sehemu ya jibu ilikuwa mfuko wa euro miliari moja kwa miaka mitano, wa kusaidia makampuni kununua vifaa vya kuinua mizigo na kupunguza kazi zinazochosha mwili.

Nchi hizo tatu zina utajiri ambao sisi hatuna, na si sawa kuchukua mpango wao na kuubandika hapa. Lakini hesabu iliyo nyuma yake haihitaji utajiri. Mtu aliyepoteza mkono akiwa na miaka 25 anaweza kulipwa posho kwa miaka 40. Kifuniko cha msumeno kinanunuliwa mara moja. Mfuko wa bima unaojua kuhesabu unaona wapi pesa yake inakwenda vizuri zaidi.

Makosa ya kutorudia

Hata huko mambo hayaendi bila shida. Nchini Italia, kwa miaka mingi maombi yamekuwa yakipokelewa kwa intaneti siku moja iliyopangwa, na aliyebonyeza wa kwanza ndiye anahudumiwa wa kwanza. Pesa inaweza kuisha kwa muda mfupi sana. Matokeo yake yanajulikana: kampuni yenye mshauri wa kuandaa faili na mitambo mizuri inapita mbele ya fundi mdogo ambaye watu wake wako katika hatari kubwa zaidi. Tujiulize ingekuwaje kwetu, ambako umeme unakatika na mtandao unapotea.

Kosa la pili ni kumlipa mtu kwa kitu ambacho angekinunua hata bila msaada. Kampuni kubwa ya madini yenye ofisi ya usalama, madaktari na mafundi wake haihitaji serikali imnunulie mtu kofia. Ruzuku ikienda huko, imepotea.

Kosa la tatu tunalijua vizuri sisi wenyewe. Congo ina Mfuko wa Kukuza Viwanda, FPI, unaolishwa na kodi ambayo mwishoni inalipwa na mnunuzi sokoni. Mfuko huo ulitoa mikopo mingi ya kusaidia wenye viwanda, na wengi waliopewa hawakurudisha. Mtu akisikia leo kwamba kuna pesa ya serikali isiyorudishwa, swali lake la kwanza halitakuwa juu ya msumeno. Atauliza ni nani aliye karibu na mkubwa gani. Mpango wowote wa ruzuku usiojibu swali hilo tangu mwanzo umekufa mbele ya kuzaliwa.

Kuna pia wenye kupinga kwa msingi. Wanasema mwajiri kulinda watu wake ni wajibu, na mtu halipwi kwa kutimiza wajibu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kwetu mashariki, mwajiri mwingi ni fundi aliyeanza na mashine moja, anayelipa kodi za serikali kuu, za jimbo na za mji, na anayepokea wakaguzi wa ofisi mbalimbali kila mwezi. Mwaka 2025 mshahara wa chini wa siku ulipandishwa kutoka franka 7.075 hadi 14.500, na hatua nyingine ya franka 21.500 ikapangwa kwa mwanzo wa 2026. Mfanyakazi alistahili nyongeza hiyo, na kwa bei za soko bado ni kidogo. Ila kwa karakana ndogo, kila gharama mpya inatafuta mahali pa kukatwa, na mara nyingi panapokatwa ni usalama, kwa sababu usalama haulalamiki mpaka siku ya ajali. Adhabu peke yake kwa fundi wa namna hiyo inazaa mambo mawili: ama anafunga, ama anampa mkaguzi kitu kidogo. Kwa mambo hayo mawili, msumeno unabaki bila kifuniko.

Mashimoni, mwajiri ni nani?

Vifo vingi vya kazi vinavyotikisa nchi yetu havitoki katika karakana. Vinatoka mashimoni. Mwezi wa sita 2019, wachimbaji zaidi ya 40 walikufa karibu na Kolwezi, shimo lilipoporomoka ndani ya eneo la kampuni kubwa walimokuwa wameingia. Mwezi wa tisa 2020, mvua ilijaza mashimo ya dhahabu huko Kamituga, na wakuu wa jimbo walitangaza kwamba watu karibu 50 walikuwa ndani. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja 2025, huko Kalando, jimbo la Lualaba, daraja la kienyeji juu ya mtaro uliojaa maji lilianguka likiwa limejaa watu wenye kukimbia. Watu wasiopungua 32 walikufa. Na wenyeji wa Masisi hawahitaji kukumbushwa milima ya Rubaya inafanya nini wakati wa mvua.

Hapo mpango wa ruzuku kwa waajiri unagonga ukuta. Mchimbaji wa Kamituga hana mkataba, hana namba ya CNSS, hana mshahara ambao asilimia 1,5 ingekatwa. Yuko na PDG wa shimo, ambaye ametia pesa ya miti, mafuta na chakula, na ambaye mwenyewe anadaiwa na mnunuzi wa dhahabu. Juu yao kuna koperative. Pembeni wako wamama twangaise, wanaotwanga mawe siku nzima na kuvuta vumbi lake, bila hata kitambaa puani. Mbele ya sheria, kati ya hao wote nani ni mwajiri?

Hata hivyo, ni mashimoni ambako pesa kidogo inaweza kuokoa watu wengi. Sheria inakataza wachimbaji wadogo wadogo kupita mita 30 chini. Kila mtu anajua kwamba wanapita. Kinachowaua ni maji, udongo usioshikiliwa na miti, na hewa inayokosekana. Pampu, mbao nzuri na mashine ya kupeleka hewa ni vitu vinavyojulikana na vinavyopatikana. Huduma ya serikali yenye kazi ya kuwasindikiza wachimbaji hao, SAEMAPE, ipo kufuatana na sheria, na wachimbaji wanaijua zaidi kwa makato inayotoza kuliko kwa pampu inazoleta.

Pesa vilevile ipo. Kufuatana na sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018, katika malipo ambayo makampuni ya madini yanatoa kwa kila kilichochimbwa, asilimia 50 inakwenda kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, sekta ao usheferi wa mahali, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Jimbo ao usheferi ukiamua kutenga sehemu ndogo ya fungu lake kwa ajili ya pampu na miti ya koperative zilizoandikishwa, hauhitaji kungoja sheria mpya ya Kinshasa.

Mashariki na vita

Msomaji wa Goma ao Bukavu atasema: haya yote ni mazuri, lakini ofisi iko wapi? Ni kweli. Tangu miji hiyo kuangukia mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, mwajiri anaishi kati ya mamlaka mbili. Benki za Goma zilifunga milango. Kutuma michango Kinshasa, ao kumfuatia mfanyakazi aliyeumia malipo yake, kumekuwa safari ndefu. Kuzungumzia ruzuku ya serikali mahali ambapo serikali haifiki kunaweza kuonekana kama mzaha.

Lakini kungoja vita viishe ndipo tuzungumze usalama kazini ni kusahau kwamba ajali hazingoji. Beni, Butembo, Bunia, Kisangani, Kindu na Kalemie bado ziko na ofisi za serikali, na zimepokea wafanyakazi wengi waliokimbia vita. Wengi wao wanafanya kazi ya kibarua kwenye shantie, bila mafunzo na bila karatasi. Mpango wa majaribio ungeweza kuanzia huko.

Mpango mdogo ungekuwaje?

Tukichanganya mafundisho ya wengine na makosa yetu wenyewe, mambo matano yanajitokeza.

Kwanza, ruzuku itolewe kwa vifaa, si kwa pesa mkononi: kifuniko cha msumeno, kinga ya macho ya kuchomelea, mikanda ya kupandia, pampu, mashine ya kunyonya vumbi. Kifaa chenye namba ni vigumu zaidi kukila kuliko noti.

Pili, fundi achangie kitu, hata kidogo. Mtu anatunza kile alichotolea jasho. Na mdogo asishindanishwe na mkubwa: mpango uwe wa wenye wafanyakazi wachache tu, na pakiwa maombi mengi kuliko pesa, wapewe kwanza wenye hatari kubwa.

Tatu, wafanyakazi watie sahihi. Kabla ya malipo ya mwisho kwa muuzaji wa kifaa, mjumbe wao athibitishe kwamba kimefika, kimefungwa na kinatumika. Mkaguzi mmoja anaweza kununuliwa. Watu 12 wanaosimama mbele ya msumeno kila siku wana sababu nzuri ya kusema kweli.

Nne, majina ya waliopewa na kiasi walichopewa yabandikwe wazi kwenye ofisi za mji, kwenye FEC na kwenye redio za mtaani. Bila hilo tutarudi kwenye hadithi ya FPI.

Tano, anayetaka kifaa aandikishe watu wake kwenye CNSS. Pengine hapa ndipo faida kubwa iko. Leo, fundi mdogo haoni CNSS inampa nini, basi anajificha. Akiona kwamba kuandikishwa kunaleta mashine yenye kifuniko, anaweza kutoka mafichoni, na watu wake wanaingia pamoja naye katika bima, pensheni na posho ya familia. Mfuko nao unapata wachangiaji ambao haukuwa nao.

Nyuma ya hayo, hatua kubwa zaidi ingekuwa kurekebisha kiwango chenyewe: sekta ya hatari ilipe zaidi, na kampuni inayothibitisha kwamba imepunguza ajali ilipe kidogo. Hiyo inahitaji namba za ajali zinazoaminika, na namba hizo zinahitaji ajali zitangazwe. Kwa sasa ajali nyingi zinamalizika nyumbani kwa familia, kwa bahasha na kupeana mikono.

Ndiyo sababu kuna jambo ambalo halingoji ruzuku wala Kinshasa. Mfanyakazi anaweza kumuuliza patro wake, hata kesho asubuhi, kama ameandikishwa kwenye CNSS na namba yake ni gani. Familia ya aliyeumia inaweza kudai ajali iandikwe, hata kama patro ni ndugu, hata kama ametoa pesa ya dawa. Ajali isiyoandikwa hailipwi, haihesabiwi, na mbele ya anayepanga matumizi ya ile asilimia 1,5 ni kama haikutokea.

Kila tarehe 28 mwezi wa nne, siku ya ulimwengu ya usalama na afya kazini, viongozi wanatoa hotuba na makampuni makubwa yanapiga picha na kofia mpya. Mwaka huu ujao, swali moja lingetosha kuulizwa kwa CNSS na kwa wakuu wa majimbo: katika pesa iliyoingia kwa ajili ya hatari za kazi, ni kiasi gani kilitumika kumzuia mtu asiumie? Kijana mwenye miwani ya jua anastahili kusikia jibu kabla macho yake hayajaharibika.